Orodha ya Babu Inaishia Namanga

Babu yangu ana orodha ya madereva wanne bora waliowahi kuendesha Safari Rally. Wa kwanza ni Joginder Singh. Wa pili ni Bert Shankland. Wa tatu ni Nick Nowicki. Wa nne ni "yule Mfini", yaani Hannu Mikkola. Nimeisikia orodha hiyo tangu nikiwa darasa la pili, nyumbani kwake Ngaramtoni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepanda wala aliyeshuka.

Shekhar Mehta hayumo. Kwa wewe ambaye hukukulia kwenye nyumba ya shabiki wa rali, naomba nieleze uzito wa jambo hilo. Mehta alishinda Safari mara tano: 1973, halafu 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Hakuna dereva mwingine aliyefikisha ushindi mara tano. Kupanga wakubwa wa Safari ukamruka Mehta ni sawa na kupanga wakubwa wa muziki wa dansi Tanzania ukamruka Mbaraka Mwinshehe. Unaweza kufanya hivyo, lakini utadaiwa maelezo.

Maelezo ya Babu ni mafupi. Kuhusu ushindi wa 1973 anasema Mehta alishinda kwa kalamu. Hapo ana hoja kidogo, kwa sababu mwaka huo Mehta na Harry Källström, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa, na kanuni ya kuwatenganisha ndiyo iliyompa Mehta ushindi. Kuhusu ile minne mingine hasemi kitu. Anakunywa chai.

Kwa muda mrefu nilidhani ni ukaidi wa mzee. Sasa nasomea shahada ya uzamili ya fasihi, na kazi yangu ya kila siku ni kuuliza kwa nini maandishi fulani yanasema hiki na kunyamazia kile. Nimeamua kuisoma orodha ya Babu kama ninavyosoma riwaya. Na nimegundua kwamba nilikuwa nimeisoma vibaya, tena mbele za watu.

Tuanze na kinachojulikana. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliendeshwa kipindi cha Pasaka, wakati wa masika, kwenye barabara zilezile walizotumia watu, ng'ombe na malori ya mizigo. Miaka ya 1960 njia ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000. Dereva alishindana na matope, vumbi, mito iliyojaa na usingizi kabla hajafikiria wapinzani wake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakamaliza saba tena.

Ndiyo maana madereva nyota wa Ulaya walikuja na kurudi mikono mitupu kwa karibu miaka ishirini. Hadi mwaka 1971 kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Mikkola alivunja mwiko huo mwaka 1972 kwa Ford Escort, na Babu anamheshimu kwa jinsi unavyomheshimu mgeni aliyekula chakula chako akaomba aongezewe.

Joginder anaeleweka zaidi. Alizaliwa Kericho, akakulia kwenye gereji ya baba yake, akawa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544. Mwaka 1974, kwa Mitsubishi Lancer ndogo, alimwacha Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Mwaka 1976 alishinda tena. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Wakenya walimwita Simba. Babu, ambaye alikuwa fundi magari Unga Limited kwa zaidi ya miaka thelathini, humwita "fundi mwenzangu", kana kwamba waliwahi kugawana spana. Kwake dereva mzuri ni yule anayesikia gari likilalamika kabla halijaharibika. Kasi anaiweka nyuma sana. Nadhani yuko sahihi, na nadhani hicho ndicho kipimo bora zaidi nilichowahi kukisikia cha Safari ya zamani.

Shankland alizaliwa Uskoti, lakini alikuwa mkazi wa Tanzania, na alishinda 1966 na 1967 akiwa na msoma ramani Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Nowicki, naye kwa 404 hiyohiyo, alishinda 1963 na 1968. Ushindi ule haukubaki kwenye vikombe. Mtu aliyeona 404 ikitoka kwenye tope ikiwa nzima aliiamini, na kwa miaka mingi Peugeot zilibeba abiria katika nchi zetu hizi tatu zikiwa zimejaa hadi mlango haufungi. Babu alizifungua injini za magari hayo nusu ya maisha yake. Unapomsikia akimsifu Shankland, sikiliza vizuri: anasifu pia gari lililomsomeshea watoto, akiwamo mama yangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Hadithi kubwa ya Babu inatokea upande wa Mbulu. Alikuwa kijana, utingo wa lori la mahindi, na lori lao lilikwama kwenye matope pamoja na mengine. Usiku ikaja Peugeot ya rali, nayo ikazama. Matingo wakashuka, wakakata matawi, wakaweka mawe, wakasukuma. Gari likatoka, likawarushia tope usoni, likaondoka. Babu husema lilikuwa gari la Shankland, mwaka ulikuwa 1968, na Shankland akaenda kushinda. Kwa hiyo, husema, "kikombe kile na mimi nina mkono wangu."

Pasaka ya mwaka juzi sebule ilikuwa imejaa. Walikuwepo wajomba, mashemeji, na wazee wawili wa kanisani. Babu akaanza hadithi. Nilikuwa muhula wa kwanza wa masomo, na kichwa changu kilikuwa kimejaa vyanzo na uthibitisho. Nikatoa simu. Nikasema, "Babu, 1968 alishinda Nowicki. Shankland ni 1966 na 1967."

Akaniangalia. "Kwani simu yako ilikuwepo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na ningeweza kuacha hapo. Sikuacha. Nikamsomea majina mwaka kwa mwaka, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nilipomaliza Babu alisema, "Haya, mama, umesoma," akainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Alikaa huko hadi wazee wale walipoaga. Kwa karibu mwaka mzima baada ya hapo, nilipomuuliza jambo lolote la rali, alinijibu, "Angalia kwenye simu."

Ninachojilaumu sasa ni usomaji mbovu. Ukweli wenyewe naudai hadi leo. Shankland na Nowicki waliendesha gari la aina moja. Ni usiku, ni mvua, gari lina tope hadi kwenye kioo, namba haionekani. Kijana mwenye tope machoni angejuaje nani yuko kwenye usukani? Aliona Peugeot, na baadaye akaipa jina la dereva wa nchi yake. Swali lililostahili kuulizwa halikuwa "nani alishinda 1968?" Lilikuwa: kwa nini utingo alihitaji gari lile liwe la mtu wa Tanzania?

Nilipoanza kuuliza hivyo, orodha nzima ilifunguka, na hata Mehta nikaelewa alikopotelea.

Katikati ya miaka ya 1970 rali ilibaki Kenya peke yake. Lakini Babu bado alikuwa akivuka Namanga kufuata vipuri Nairobi, na Pasaka ya 1976 alikuwa huko. Alimwona Joginder kwa macho yake, akiwa juu ya boneti ya Lancer iliyojaa udongo. Februari 1977 mpaka ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na hapa Arusha tukabaki na majengo makubwa yaliyokusudiwa kuwa makao makuu yake, ambayo leo tunayaita AICC. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Angalia tena miaka ya Mehta: 1979, 1980, 1981, 1982. Ushindi wake wote minne ya mfululizo ilitokea wakati lango la Namanga limefungwa. Upande ule Datsun zilikuwa zinapigiwa makofi. Upande huu, baada ya vita vya Kagera, Babu alikuwa anachonga bushi za Peugeot kwa mkono kwa sababu vipuri havikuwepo, na sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Orodha yake haikumkataa Mehta. Ilifungwa kabla hajafika.

Na Mehta mwenyewe alijua habari za kufungiwa. Alizaliwa Kampala, na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, aliondoka akahamia Kenya. Mpaka mmoja ulimtoa kwao, mwingine ukamtoa kwenye kumbukumbu ya fundi wa Arusha ambaye angempenda kuliko wote, maana naye alikuwa dereva wa kulitunza gari.

Hata hivyo sitaki kuisamehe orodha hii kila kitu. Nimewahi kumuuliza Babu kwa nini haina hata mtu mmoja mweusi. Kwa miaka aliyoishuhudia, jibu ni rahisi: gari, vipuri na muda wa mazoezi vilihitaji fedha ambazo Waafrika wengi hawakuwa nazo. Patrick Njiru wa Kenya alikuja kumaliza wa nne mwaka 1994 kwa Subaru, na hapo Babu alikuwa ameacha kuhesabu. Yeye hakunipa hoja hizo. Alisema tu, "Sisi tulikuwa kwenye kusukuma."

Hapo ndipo ninapogombana na ushabiki wa Safari, wa Babu na wa kila anayesimulia rali hii. Unamtukuza dereva kwa kushinda barabara, halafu unawasahau walioikalia barabara hiyo. Wasoma ramani angalau wanaandikwa baada ya alama ya mkwaju. Wale waliokata matawi usiku wa Mbulu hawaandikwi popote. Na Babu, aliyekuwa mmoja wao, akitafuta njia ya kuingia kwenye historia, aliingia kwa jina la Shankland. Lake mwenyewe hakuliweka. Mimi nikaja na simu nikamfungia hata mlango huo.

Siku hizi Safari inafanyika Naivasha. Ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Nyingi ya picha zake fupi tunazitazama kwenye simu, na madereva wake ni hodari kweli. Lakini hawapiti Oldonyo Sambu, na wajukuu wa Babu hawana orodha.

Pasaka iliyopita nilimweleza Babu nadharia yangu ya mpaka. Nilichora hata mistari kwenye karatasi: ushindi wa Mehta huku, kufungwa kwa Namanga huku. Alivaa miwani, akaiangalia kwa muda.

"Sasa mtu sijamwona," akasema, "nitamsifu vipi?"

Nikamwambia hiyo sentensi ni bora kuliko sura yangu yote ya kwanza. Halafu nikamwomba msamaha wa siku ile, na safari hii sikumuuliza habari za madereva. Nilimuuliza usiku ule wa Mbulu walikuwa nani na nani. Alihesabu kwa vidole, polepole, akaanza na dereva wa lori lao. Alipata sita kwa majina, na wa saba akamkumbuka kwa kofia. Nimewaandika wote kwenye daftari, na mwaka nimeuandika kama anavyousema yeye, pembeni nikaweka alama ya kuuliza ndogo. Aliiona. Hakuikataa.

Kuhusu Mehta, alisema atafikiria.