Dilip Kumar: Jambazi na Askari



Kila kijana wa hapa Mpitimbi aliyewahi kulipa kiingilio katika kibanda cha video anaijua kanuni hii: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha utamkuta amesimama, na maadui wamelala chini. Leo nakuletea habari za picha moja ambayo stelingi anakufa, tena kwa risasi ya mdogo wake wa tumbo moja. Picha hiyo ni Gunga Jumna ya mwaka 1961, na mchezaji wake mkuu ni Dilip Kumar.

Jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Yusuf Khan. Alizaliwa mwaka 1922 Peshawar, mji ambao leo umo Pakistan, akafariki Mumbai mwaka 2021. Picha yake ya kwanza, Jwar Bhata, ilitoka 1944, na ya mwisho, Qila, ilitoka 1998. Katika Devdas ya 1955 alikuwa mlevi anayejimaliza kwa ajili ya mapenzi; mwaka huo huo, katika Azaad, akawachekesha watu. Katika Mughal-e-Azam ya 1960 alikuwa mwana wa mfalme anayemwasi baba yake. Katika Ram Aur Shyam ya 1967 alicheza mapacha wawili, mmoja mwoga na mmoja jasiri, na hakuna anayewachanganya.

Ama katika Gunga Jumna, yeye ni mkulima maskini. Mama yake mjane anafanya kazi kwa kabaila, anasingiziwa wizi, na fedheha ile inamwua. Gunga, mwana mkubwa, anajinyima ili mdogo wake Jumna asome mjini. Siku moja anamwokoa msichana, Dhanno, mikononi mwa shemeji wa kabaila aliyetaka kumharibia heshima yake. Malipo ya wema huo ni kusingiziwa wizi na kutiwa jela. Akitoka, anakimbilia msituni kwa majambazi. Jumna naye anakuwa askari polisi. Wanapokutana, mdogo anamtaka mkubwa ajisalimishe, mkubwa anakataa. Na mwisho wake umekwisha kuusikia. Tena Jumna amechezwa na Nasir Khan, ndugu wa damu wa Dilip Kumar.

Msomaji, tazama kazi ya mchezaji huyu. Yeye ni mtu wa mjini, wa asili ya Peshawar, lakini katika picha hii anasema lugha ya wakulima wa kaskazini ya India kana kwamba amelelewa nayo shambani. Mwanzoni ni kijana wa mizaha, anayecheka kwa mwili mzima. Baada ya jela kicheko kinapungua, na macho yanabaki yale yale; hapo ndipo tunapojua kwamba jambazi huyu ni yule yule mkulima. Hatuombi asamehewe, wala yeye hajisafishi. Anatuonyesha tu njia aliyopita.

Picha ina kasoro. Shemeji wa kabaila amefanywa mbaya tupu, hana hata chembe ya ubinadamu, na dhalimu wa namna hiyo ni rahisi kumchukia bila kujitazama wenyewe.

Miaka 21 baadaye, katika Shakti ya 1982, Dilip Kumar alisimama upande wa pili wa bunduki. Safari hii yeye ndiye askari, na mhalifu ni mwanawe, aliyechezwa na Amitabh Bachchan. Mwisho wa picha baba anampiga risasi mwana, kisha anampakata akifa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora, mara yake ya nane. Basi huyu ndiye hodari wa kweli: si kwa kubadili nguo na masharubu, bali kwa kumpa jambazi haki yake na askari haki yake, bila kumdhulumu mmoja wao. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata ikiwa ni juu ya jamaa zetu wa karibu. Ni rahisi kulisoma. Uso wa yule baba unaonyesha uzito wake.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu katika vijiji na miji yetu neno "Mwizi!" likipigwa, mawe huokotwa kabla ya swali moja kuulizwa. Katika Gunga Jumna neno hilo lilitamkwa kwa uongo mara mbili: mara ya kwanza likamwua mjane, mara ya pili likamzaa jambazi. Jumna alifanya wajibu wake, nami simlaumu. Lakini yule aliyesingizia, na wale waliosikia wakanyamaza, nao wana fungu lao katika damu ile.

Basi, kijana wa Mpitimbi, ukiipata picha hii, itazame mpaka mwisho. Usiihesabu bunduki peke yake. Uhesabu na ule uongo ulioitangulia, kisha ujiulize: siku jirani yangu atakaposingiziwa, mimi nitakuwa nimesimama wapi?