Shingo ya Naruko, Utosi wa Mwana Hiti

Mtu wa Wingwi, kwetu Pemba, akimtazama mwanasesere wa mti kutoka Naruko, Japani, kitu cha kwanza atakachokiona ni tendegu. Hakosei. Ni kazi ya kerezo, kama ile iliyotoa miguu ya vitanda vya bibi zetu: mti unazungushwa, patasi inaegemezwa, bega linatoka, kiuno kinabonyea. Mikono hana, miguu hana. Wakerezaji wa Tohoku, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, walikuwa mafundi wa mabakuli na sinia. Kuanzia karne ya 19 wakawa wanawakerezea wanasesere wageni waliokwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto, wawapelekee watoto nyumbani. Basi hapa hakuna mwili wa mtu uliopunguzwa viungo. Kilichotangulia ni mche wa duara, uso ukaja baadaye. Wanaousifu usahili wa umbo hili kana kwamba fundi alikaa akatafakari nini akiache, wameanzia mwisho wa kazi.

Kazi yenyewe iko shingoni. Kwa Naruko, kichwa hukerezwa mbali na mwili. Kisha mwili hurudishwa kwenye kerezo, na wakati unazunguka fundi hukisukumiza kichwa ndani ya tundu la shingo. Msuguano huleta joto, mti hulegea kidogo, kishikizo huingia, na ukipoa hakitoki tena. Kinabaki kuzunguka tu, na kila kikizungushwa hulia: kwii, kwii. Koo nyingine za Tohoku hutambulikana kwa rangi za utosini. Tsuchiyu wana miduara myeusi, Togatta wana mistari myekundu iliyochanua kama petali. Naruko huchorewa maua ya krisanthemu kifuani, mazuri kwa kweli, lakini ua hilo laweza kuchorwa hata kwenye sahani. Sauti ya shingo haihamishiki.

Uso, nathubutu kusema, ndio sehemu yake dhaifu. Macho ni nyuzi mbili za wino, pua ni mkwaruzo. Wakusanyaji hukesha wakibishana juu ya nyuzi hizo, kwa sababu kwao mwanasesere husimama rafuni akiwatazama. Mwaka 1928 Amae Tomiya wa Sendai alichapisha kitabu juu ya wanasesere hawa, na kadiri watu wazima walivyozidi kuwakusanya ndivyo mafundi walivyozoea kutia saini chini ya kitako, mahali ambapo mtoto hana haja napo.

Sasa turudi kwetu, tuvuke mkondo hadi pwani ya Tanzania bara. Wazaramo, Wakwere na Wadoe wana mwanasesere wao wa mti, mwana hiti, naye pia hana mikono wala miguu. Watu hufurahia mfanano huu, kisha huishia hapo. Lakini mwana hiti hakupita kwenye kerezo, alichongwa kwa kisu. Kilichobakizwa mwilini ni matiti madogo na kitovu. Nguvu yote imepandishwa kichwani: nywele zimesimama kama vishungi viwili, katikati pana mfereji, na mara nyingi nywele hizo humeza uso. Mwali aliyewekwa ndani humwogesha, humpaka mafuta, humlea kama mwana. Ndiyo maana wale wa zamani wana weusi unaong'aa, na kingo zao zimelainika. Mikono ya wali imeendelea kuchonga pale kisu kilipoachia. Umbo hilohilo hupanda juu ya viti vya enzi, bakora na nguzo za makaburi. Marc Felix aliliandikia kitabu kizima mwaka 1990, ila kwenye vibao vya makumbusho mchongaji huwa hana jina. Linaandikwa kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika kisu kimoja.

Nikilazimishwa kuchagua, namchukua mwana hiti. Mfute rangi mwanasesere wa Naruko, utabakiwa na tendegu linalolia. Mwana hiti hana rangi ya kufutwa, na gizani, kwa kupapasa tu, bado ni mtu.

Si mwana tu, bahati nayo ina umbo lake. Kwetu Pemba bahati huandikwa, hukunjwa, hushonewa ndani ya ngozi ya hirizi, na mwenye nayo haruhusiwi kuchungulia. Daruma wa Takasaki, kulekule Japani, kibonge chekundu cha karatasi ngumu, ni kinyume chake kabisa. Huuzwa hana mboni. Mnunuzi hutia nia, akachora jicho moja. Nia ikitimia, huchora la pili. Fundi amemwachia mteja nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayokifanya kitu kuwa chake. Mkusanyaji anayemweka Daruma kipofu miaka nenda miaka rudi ili asipoteze bei, amehifadhi ganda.

Najua wapo kwetu wasiotaka sanamu ndani ya nyumba. Masheikh wengi, hata hivyo, wameruhusu wanasesere wa watoto kwa kutegemea habari za Bi Aisha kucheza na wanasesere, na mchezo ndio ninaoutetea hapa. Ukibahatika kushikishwa mwana hiti, fumba macho kwanza, uanze na utosi. Na ukiuziwa mwanasesere wa Naruko, usimtazame uso. Mzungushe kichwa. Akikataa kulia, huenda ni wa ukoo mwingine, au ni wa duka la uwanja wa ndege.