Neno "Nguvu" katika Maelezo ya Zana za Uvuvi

Katika baadhi ya tafsiri za maelezo ya zana za kuvulia samaki wakubwa, kama vile jodari na nduaro, neno nguvu limetwikwa mzigo lisiouweza. Tumelikuta likitumika kutaja uzito unaoukata mshipi, daraja la ufito, na hata kukazwa kwa breki ya kigurudumu. Kanuni ya kazi yenyewe haikubali mchanganyiko huo. Mshipi unaohimili kilo 24 huambatana na ufito wa daraja hilo hilo. Lakini breki hukazwa hadi takriban theluthi tu, yaani kilo 8. Sababu ni kwamba fundo huudhoofisha mshipi, na kadiri mshipi unavyopungua kigurudumuni ndivyo mvuto wake unavyozidi. Msomaji aambiwaye "nguvu kilo 24", akaikaza breki kufikia kiasi hicho, atakatikiwa na mshipi na kumpoteza samaki. Kwa hiyo twapendekeza: uhimili kwa mshipi, daraja kwa ufito, mkazo kwa breki. Kabla ya kuteua istilahi, mfasiri hana budi kujiuliza ni kitu gani hasa kinachopimwa.