Kumsoma Elsa Hapa Ikuti

Kitabu cha Joy Adamson kiitwacho Born Free, kilichotoka mwaka 1960, naweza kukiita mama wa vitabu vya watu waliokuja Afrika kuokoa wanyama. Filamu ya mwaka 1966 ilikizidishia umaarufu, na tangu hapo kila aliyelea kima yatima au kumrudisha kasa baharini, akikaa kuandika habari zake, aghalabu hufuata nyayo za yule simba jike Elsa. Ndiyo maana naona yafaa kisomwe upya, tena kisomwe huku kwetu Rungwe, ambako msitu na shamba la mahindi ni majirani.

Nianze kwa kukipa haki yake. Bibi Adamson alikuwa mchoraji, na jicho la mchoraji linaonekana katika maandishi yake. Wala hakuficha kwamba kumfundisha simba aliyezoea mikono ya watu ajiwindie mwenyewe ni kazi ndefu, yenye kushindwa mara kwa mara. Wengi waliomwiga wamelisahau hilo, kwani wanapenda zaidi picha ya kumkumbatia mnyama kuliko siku ya kuachana naye. Tena fedha za kitabu alizielekeza kwenye uhifadhi wa wanyama.

Lakini msomaji wa huku hukwama mapema. Mwaka 1956 mumewe, George, afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alikwenda kumsaka simba aliyemuua mtu wa kabila la Waborana, na katika msako huo akampiga risasi mama yake Elsa. Yule marehemu anatajwa kwa kabila lake, kisha hadithi inaendelea bila yeye. Je, aliacha watoto? Mayatima wa kitabu hiki ni watoto watatu wa simba tu.

Yupo pia Nuru, mtumishi aliyepewa kazi ya kuwaangalia simba hao wachanga. Mwandishi hamdharau hata kidogo, ila sisi wasomaji hatuambiwi yeye mwenyewe aliwaza nini. Nadhani sababu ni mshahara. Katika maandishi ya aina hii anayelipwa huhesabiwa mtumishi, na asiyelipwa ndiye mwenye mapenzi.

Siku hizi kanuni hiyo imesogea mbele zaidi: wageni hulipa ili wajitolee. Huko Diani, pwani ya Kenya, husaidia kuwatunza mbega na kuwawekea ngazi juu ya barabara ili wasigongwe na magari. Kazi njema, sina neno nayo. Watamu nako, mvuvi aliyenasa kasa wavuni hupiga simu kwa shirika la Local Ocean badala ya kumchinja, na hupewa kiasi kidogo cha fedha cha kufidia taabu yake. Sasa soma habari zinazoandikwa na hao wageni wakirudi kwao. Mvuvi, aliyeacha nyama ya kulisha jamaa nzima, ni “mwenyeji” mwenye tabasamu, na aliyekuja kwa wiki nne akaondoka kwa ndege ndiye aliyejitolea. Mimi Kiswahili changu kinanikatalia. Kujitolea ni kutoa kitu ambacho utabaki ukikihitaji.

Huku kwetu hadithi ilikaribia kuandikwa vivyo hivyo. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Tim Davenport walimwona kipunji kwenye misitu ya Mlima Rungwe, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba kima mpya amegunduliwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote. Ni kutoka kwao watafiti walilisikia jina lake. Neno “kugunduliwa” linaniudhi kidogo, lakini niseme kweli: wale watafiti walisikiliza kabla ya kuandika, na jina la wenyeji wakaliacha mahali pake. Bibi Adamson hakufika hapo kwa Nuru.

Mwaka huo wa 2005 kipunji mmoja mchanga alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, shambani mwa mahindi. Kwa mwili huo wataalamu waliweza, mwaka 2006, kumweka kipunji katika jenasi yake peke yake, wakaiita Rungwecebus kwa heshima ya mlima wetu. Mwaka 2008 ilichapishwa hesabu yao: 1,117 tu. Mwaka 2009 msitu wa Rungwe ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia, jambo ninaloliunga mkono, maana maji ya mito yetu yanatoka humo.

Lakini mkulima yule anabaki “mkulima” tu, na mtego wake unasomeka kama uovu, wakati alikuwa akilinda chakula cha nyumbani kwake. Mwenzake wa ukingoni mwa msitu leo halipi wala halipwi. Anatoa mahindi yanayoliwa, na mbao asizoruhusiwa tena kupasua, na hakuna shajara inayomwandika.

Hicho ndicho kitabu ninachokitaka. Kingeanza asubuhi ya ukungu, mahindi yamekomaa, mkulima amesikia ule mlio wa kipunji usiofanana na wa kima mwingine, na bado hajaamua kama aokote jiwe.