Jiwe Lisilochongwa

Kutoka Homa Bay hadi Thimlich Ohinga mtu anaweza kupanda matatu, akabadilisha gari njiani na kumalizia kwa bodaboda. Mwalimu mmoja mstaafu aliamua kwenda peke yake kwa gari lake kuukuu, wakati wa kiangazi, kuwaona wenzake watatu aliolala nao bweni moja ujanani. Kwa miaka mingi walikuwa wakijuliana hali kwa simu, wakitumiana pole za msiba na michango ya harusi kwa M-Pesa. Si haba. Lakini simu haimkaribishi mtu kiti.

Rodi Kopany ikapita, Ndhiwa ikapita. Nchi ilikuwa kavu, udongo mweusi umepasuka nyufa za kumeza kiatu, na mavumbi yakilifuata gari kila linapokwenda. Upande wa kulia, nyuma ya vilima, lilikuwa Bonde la Lambwe na Mbuga ya Ruma, walikobaki korongo, wale swala wakubwa wenye uso wa weusi na weupe ambao hawapatikani kwingine porini nchini Kenya. Vijijini ua wa mnyaa umepungua. Mahali pake pamechukuliwa na seng'enge, na mwenye uwezo zaidi amejenga ukuta wa matofali ya saruji. Wenyewe wanaona ni maendeleo. Baadhi ya kuta hizo hazijatimiza miaka mitano na tayari zimepata ufa toka juu hadi chini.

Wa kwanza kati ya rafiki zake hakumkuta barazani. Alimkuta nyuma ya boma la mbuzi, amechuchumaa mbele ya ukuta wa mawe uliobomoka pembeni, akiurudishia.

"Japuonj, mwalimu wangu, umefika! Ngoja nimalizie hili."

"Maliza tu, omera, ndugu yangu. Sina haraka."

Jiwe lilikuwa la ukubwa wa kichwa cha ndama, lenye pembe tatu zisizolingana. Mzee hakulipiga nyundo. Aliligeuza mkononi, akalijaribu kwa tumbo, likayumba. Akalijaribu kwa ubavu, likayumba kidogo. Akaliinamisha ili mkia wake mrefu uingie ndani ya ukuta, uso wake mdogo ubaki nje. Hapo akalitikisa kwa viganja viwili. Kulikuwa na mlio mdogo wa kukwaruza. Akaokota kijiwe kama dole gumba, akakisukuma katika upenyo wa chini, akatikisa tena. Kimya. Ndipo akajifuta vumbi na kumkumbatia mgeni wake. Mwalimu, aliyetumia maisha yake kuwahimiza watoto wamalize kazi haraka, alibaki akiutazama ule mkono.

Jioni walikwenda pamoja kuziona kuta za boma la kale la Thimlich Ohinga, zilizo umbali wa kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta hizo hudhaniwa kujengwa katika karne ya 16, bila udongo wala saruji wala chokaa. Zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na kwa kawaida unene wake unafika mita moja au kuzidi. Nje kuna safu ya mawe, ndani safu nyingine, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa kuzishikanisha safu zote mbili. Penye hatari ya kuinama, waashi wameegemeza nguzo za mawe. Milango ni myembamba na mifupi: anayeingia lazima ainame, na adui aliyeinama si adui wa kuogopwa sana. Ndani, juu ya mwamba, kumechongwa vishimo vya kuchezea ajua, aina ya bao. Waliokaa humo hawakuwa wakijificha tu. Walikuwa na nafasi ya kucheza.

Great Zimbabwe ndiyo hutajwa kila inapozungumzwa kazi ya mawe makavu Afrika, na inastahili. Lakini waashi wa kule walikuwa na matale yanayopasuka kwa mabapa, nao wakayasawazisha na kuyapanga kwa mistari. Wa Thimlich walitumia jiwe jinsi walivyoliokota, bila kulichonga. Kazi yao, kwa ustahimilivu inaotaka, ndiyo ngumu zaidi.

Na haikuwa kazi ya kizazi kimoja. Watu waliingia na kuhama, jamii zikapishana, na kila waliokuja walirekebisha palipobomoka, hadi boma hilo lilipoachwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hapa ndipo ulipo ufundi wa kusifiwa. Ukuta usio na saruji hutaka mtu wa kuuzunguka baada ya mvua, atazame mzizi wa mti ulipopenya na mahali ng'ombe alipojikuna, arudishe jiwe kabla la pili halijalifuata. Ukiachwa bila kuangaliwa, huanza kufunguka wenyewe. Siku hizi twajenga ili tusahau, kisha tunashangaa tunapokumbushwa.

Mwaka 1999 hali ya Thimlich ilikuwa mbaya kiasi cha kuingizwa katika orodha ya dunia ya majengo ya kale yaliyo hatarini, ile iliyotolewa kwa ajili ya mwaka 2000. Kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2018 UNESCO ikalitangaza eneo hilo kuwa Urithi wa Dunia, la saba kwa Kenya. Sifa hiyo inalinda hekta 21. Lakini watafiti wamehesabu maboma ya namna hii zaidi ya 500 katika ukanda huu wa ziwa, na mengi yamo katika mashamba ya watu, hayana bango wala mlinzi.

Wale marafiki wengine wawili walifika usiku, wakala samaki, wakacheka mpaka taa ikazimwa. Katika wanne hao, anayejua kuketisha jiwe ni mmoja, na wanawe wako Nairobi. Vyuo vya ufundi vya Homa Bay na Migori vinafundisha uashi wa matofali. Havingepungukiwa na kitu kwa kumwita mzee kama huyu awaonyeshe vijana kazi hii kwa muhula mmoja. Na aliye na ukuta wa kale shambani mwake, Ndhiwa au Nyatike, asiuze hata lori moja la mawe kabla maafisa wa Makumbusho ya Taifa hawajaja kuuona.