Mkono Usiofuta

Brashi ya mchoraji wa vigae pale Delft, Uholanzi, ina manyoya machache, marefu, yaliyochongoka. Kigae kimeshachomwa mara moja na kumwagiwa utandu mweupe wenye bati, nao umekauka ukawa ungaunga. Juu yake fundi anatandaza karatasi iliyotobolewa kwa sindano kufuata umbo la picha, anaigonga polepole kwa kifuko cha unga wa mkaa, kisha anaiondoa. Vinabaki vidoa hafifu tu. Mengine yote ni ya mkono. Utandu ule hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo mstari ukishapita umepita, hauna wa kuufuta. Tena fundi anachora bila kuiona bluu yenyewe, maana kobalti kabla ya tanuri ni kijivu kilichoiva, karibu na weusi. Bluu huzaliwa motoni.

Johannes Vermeer, mchoraji mzaliwa wa mji huohuo, aliwajua mafundi hawa. Takriban mwaka 1660 alichora kijakazi anayemimina maziwa, picha isiyofika hata nusu mita kwa urefu, inayotunzwa Rijksmuseum, Amsterdam. Watazamaji hutazama chungu na mkate. Chini kabisa, ukuta unapokutana na sakafu, pamepangwa safu ya vigae, na kwenye kimojawapo yumo Kupido, mungu wa mapenzi, na upinde wake. Vigae viliwekwa hapo ili maji ya kudekia yasile chokaa. Kazi ya kuzuia unyevu jikoni, mahali pa ndoo na ufagio, ikapewa mchoro wa mkono! Hilo ndilo ninalolistahi katika ustaarabu ule: uzuri haukuwekewa sebule peke yake.

Chimbuko la mtindo huu wa bluu juu ya nyeupe ni Uchina. Mwaka 1604 shehena ya kauri za Kichina iliyotekwa kutoka kwa Wareno ilinadiwa Amsterdam, na matajiri wakazigombania. Vita vilipoangusha utawala wa Ming mwaka 1644 na kauri zikaadimika, wafinyanzi wa Delft wakajaza pengo, baadhi yao ndani ya majengo ya viwanda vya pombe vilivyofungwa. Viwanda vyao vilizidi 30. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa kimesalia kimoja, De Porceleyne Fles, kilichoanzishwa mwaka 1653, na hadi leo kinachora kwa mkono.

Nyumba nyingi za zamani za Uholanzi zilibomolewa, vigae vikabanduliwa. Namshukuru kila aliyeviokota, na makumbusho ya vigae pale Otterlo yanastahili heshima. Lakini tazama pembe za kigae kimoja kilichotundikwa peke yake. Mara nyingi kila pembe ina kipande cha pambo, kwa mfano kichwa cha ng'ombe au buibui, kama wajuzi wanavyoviita. Fundi alikichora kipande hicho akijua kwamba vigae vinne vikikutana ukutani, vipande vinne vitakuwa pambo moja. Nyuma ya kioo, pambo halikamiliki kamwe. Na madukani watalii wananunua vigae vya kubandikwa picha za mashine, elfu kwa elfu, vyote sawasawa, visivyo na mahali popote mkono uliposita.

Msiba huu wa kubandua tunaujua hata pwani yetu ya Waswahili. Bakuli za Uchina hiyohiyo zilipachikwa na wazee wetu kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na kwenye kuta za miji ya kale. Leo sehemu nyingi zimebaki tundu tupu za duara kwenye chokaa, bakuli zimeng'olewa na watu waliodhani thamani yake iko kwenye kauri peke yake. Ewe mrithi wa nyumba ya kale, iwe Delft au Lamu, chenye mahali pake ukutani usikibandue. Ukuta ukipata unyevu, uite fundi autengeneze, na chombo kibaki palepale alipokiweka wa kwanza.