Kiti Kilichovutwa Mbele

Roger Ackroyd kakutwa maiti katika chumba chake cha kusomea, jambia la Tunisia limemzama nyuma ya shingo. Nani atajali kiti? Mpelelezi Hercule Poirot anapouliza kama chumba kiko vile vile kilivyokuwa usiku wa mauaji, Parker, mtumishi mkuu wa nyumba, anataja kiti kimoja kilichokuwa kimevutwa mbele kidogo. Msomaji anasoma, anapita. Ana maiti ya kumshughulisha.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi Agatha Christie. Riwaya yake, The Murder of Roger Ackroyd, ilitoka mwaka 1926, na ushahidi wake umeanikwa mchana kweupe. Hafichi, anakushughulisha tu.

Na anakushughulisha kwa maisha ya kijiji. King's Abbot ni kijiji cha Uingereza cha miaka ile baada ya Vita Kuu ya Kwanza: tajiri mmoja, daktari, kanali mstaafu, watumishi wanaoingia na kutoka bila kutazamwa usoni. Caroline, dada wa daktari, hukaa zake nyumbani, lakini habari za kijiji kizima humfikia kwa vinywa vya watumishi na muuza maziwa kabla kaka yake hajavua koti. Umbea wake unachekesha, na wakati unacheka, humwoni mwandishi akipenyeza mambo mazito humo humo. Poirot naye anaingia kama jirani aliyestaafu ili alime mumunye. Siku moja anakasirika, analirusha moja juu ya ukuta. Linampita daktari sikioni na kupasuka miguuni pake. Ndivyo mpelelezi mkubwa anavyobisha hodi!

Kasoro zipo. Msiba katika riwaya za upelelezi kama hii ni mwepesi mno: mtu kachomwa kisu jana, leo watu wanacheza mchezo wa mezani na kunywa chai. Anayetaka kulia na wafiwa atafute kitabu kingine.

Kitabu kilipotoka, wako waliolalamika kwamba wamechezewa rafu. Dorothy L. Sayers, naye fundi wa fani hiyo hiyo, alimtetea Christie: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Nami niko upande wake. Aliyedanganyika alionyeshwa kila kitu, akachagua mwenyewe pa kutazama.

Kwa hiyo ukimaliza, rudia sura za mwanzo polepole, uone ulivyopitishwa mbele ya muuaji ukampa salamu. Na ukimwazima mtu kitabu hicho, tafadhali, usimtajie jina la muuaji.